Kuongezewa pedi kwenye breisi ya mgongo hapa Mombasa: karakana ya viungo tuliyoenda na binti yangu

Nyota 4 kwa 5, na naandika kwa urefu manake najua kuna wazazi Mombasa hii wana watoto wenye breisi za mgongo na breisi ikianza kulegea au kuuma hawajui wamuendee nani. Tulienda karakana ya viungo ya hospitali, huku upande wa kisiwani, wale wanaotengeneza miguu bandia na viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Hatukuendea breisi mpya, tuliendea pedi tu, yani kuongezewa mto mgumu ndani ya breisi ile ile aliyokuwa nayo, na kile kipande kimeubadilisha mgongo wa mwanangu kwenye eksrei kuliko nilivyotegemea.

Binti yangu ana miaka 13 na ana skoliosisi, uti wa mgongo umepinda kwenda kulia hapa kwenye mbavu na chini kwenye kiuno umerudi kushoto kidogo. Mpindo wa juu ulipimwa digrii 31 bila breisi. Madaktari wanaita skoliosisi kuanzia digrii 10, na breisi kwa kawaida wanaiandika kwa mtoto ambae bado anakua na mpindo uko kati ya digrii 25 na 40 hivi. Yake ni ile ya plastiki ngumu inaanzia chini ya makwapa mpaka kwenye nyonga, inafungwa mgongoni kwa mikanda 3 ya velkro, aina ya Boston, iliyoanzia hospitali ya watoto kule Boston Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nataja hili kwa sababu nilipoelewa ile breisi inavyofanya kazi ndo nkaelewa kwanini pedi si kitu cha kubandikwabandikwa tu. Lile gamba la mwanzo la breisi ya Boston linatoka kiwandani likiwa sawa pande zote mbili. Peke yake linabana tu. Kinachoifanya isukume mgongo upande mmoja ni zile pedi zinazowekwa ndani kwa kufuata eksrei ya mtoto mwenyewe. Pedi ikikaa pabaya au ikibonyea, mtoto anabaki kavaa plastiki mchana kutwa na hapati faida yake.

Na hicho ndo kilichotokea kwetu. Mtoto amerefuka, mashallah, na akirefuka ule mpindo nao unapanda juu kidogo lakini pedi imebaki pale pale ilipogundishwa mwaka jana. Juu ya hivo pedi ya zamani ilikuwa imeshalala, haina nguvu tena. Lakini mikanda bado ilikuwa inafika kwenye alama zake za kukazia, kwahivo kwa macho ungesema breisi iko sawa. Halafu akaanza kulalamika mbavu zinamuuma upande wa kulia.

Kuna mahali pengine tulipitia kwanza, sitapataja. Pale walimsikia anasema inauma wakachukua sponji laini kama ya godoro wakaibandika ndani ya breisi karibu mzunguko mzima. Mtoto alifurahi siku ile ile manake ilikuwa laini kweli. Lakini ukiweka pedi kila upande unakuwa umeifanya breisi ndogo tu, inabana tumbo na kifua sawasawa na haisukumi popote. Mikanda ikawa haifiki kwenye alama zake, akila wali kidogo tu anafungua. Na jasho sasa! Sponji ile ina matundu wazi, inafyonza kila kitu, na sisi tunaishi Likoni, anavuka feri asubuhi kwenda shule na kurudi saa za jua kali amesimama kwenye umati. Kufikia jioni sponji imelowa, asubuhi haijakauka, ndani ya wiki ina harufu na ngozi imeanza kutoka vipele. Walitutoza pesa nzuri tu kwa kazi ile.

Sasa karakana hii. Jambo la kwanza lililonifanya nimuamini fundi ni kwamba breisi hakuigusa. Aliomba eksrei. Nilikuwa nayo, na nakwambia usiende bila eksrei, tena ile aliyopigwa akiwa ndani ya breisi kama unayo, manake alimrudisha baba mmoja mbele yetu akalete ya mtoto wake kwanza. Akaibandika kwenye boksi la taa, akahesabu pingili kutoka chini kwenda juu kwa ncha ya kalamu, polepole, mpaka akafika ile iliyotoka nje kuliko zote. Kwa mwanangu ni pingili ya 9 ya kifua. Akaweka nukta. Halafu akaufuata ubavu unaotoka kwenye pingili ile, akanionyesha unavyoteremka ukizunguka kuja pembeni, akaniambia, "Mama, mimi siwezi kuusukuma uti wenyewe, nausukuma ubavu, na ubavu unashuka, kwahivo pedi nitaiweka chini ya hapa unapopaona." Nilikuwa nimedhani pedi inakaa pale pale penye kibyongo. Akasema ikipanda kupita kilele cha mpindo inaweza hata kuuzidisha mpindo.

Halafu ile sponji yote akaibandua akaitupa, akaita dada msaidizi. Wakamuingiza binti nyuma na mimi nikaingia, na kazi yote ya kugusa mwili akaifanya yule dada, hilo niliomba na hawakukataa. Dada akapapasa ubavu, akapaka rangi ya mdomo nyekundu mstari mmoja juu ya ngozi pale fundi alipomwelekeza, wakamvika breisi bila vesti wakaifunga mpaka kwenye alama, wakaifungua. Ule wekundu ukawa umehamia kwenye plastiki ndani. Hapo sasa unaona kwa macho yako: pedi ya zamani ilikuwa karibu vidole viwili chini ya mahali ilipotakiwa iwe. Na breisi ilipokuwa imefungwa dada alipitisha kidole gumba kati ya pedi ya zamani na mwili, kikaingia bila shida yoyote. Fundi akasema kidole kikiingia namna hio, pedi haifanyi kazi.

 Pedi mpya akaikata kwenye shiti nyeupe ya EVA, ile ambayo hata ndara zinatengenezewa, ngumu lakini ukiibonyeza inarudi, na haina matundu wazi kwahivo hainywi jasho, unaipangusa imeisha. Akaikata kama umbo la jani refu lililolala kufuata ubavu. Kisha akaipeleka kwenye mashine ya kusaga akachonga kingo zote mpaka zikawa nyembamba kabisa pembezoni, katikati ndo nene. Nilimuuliza mbona anapoteza muda mwingi kwenye kingo, akanishikisha pedi mbili, moja iliyochongwa na moja haijachongwa, nkazibonyeza kwenye mkono wangu. Ile ambayo haijachongwa inakuachia mstari kwenye ngozi. Mtoto anaevaa saa nyingi kwa siku mstari ule ndo unakuwa kidonda. Akaipasha kwa bunduki ya hewa moto ikalainika ikafuata mviringo wa plastiki, akapaka gundi pande zote mbili, akangoja ikauke kiasi, akabandika. Unene alianza milimita 6 tu. Alisema ataongeza tabaka la pili juu yake ngozi ikishazoea, hawezi kumsukuma mtoto kwa nguvu zote siku ya kwanza manake atakataa kuivaa na hapo hamna kitu.

Halafu ikaja sehemu ambayo sikuitarajia. Alichukua msumeno mdogo wa umeme akakata dirisha kwenye plastiki upande wa kushoto, mkabala na pedi. Roho iliniruka, breisi ile tulichangiwa na ukoo mzima. Akanieleza: ukisukuma kutoka kulia lazima kuwe na nafasi kushoto ya mwili kwenda, la sivyo unaubana tu katikati. Ni kama kunyoosha ufito uliopinda, unaushikilia juu na chini upande mmoja na katikati unausukuma kutoka upande wa pili, ukiweka mkono mwingine unaozuia pale katikati hauendi. Kwahivo kuna sehemu tatu za kusukuma, na kila moja ina nafasi yake mkabala. Breisi ya mwanangu nafasi ile ilikuwa ndogo tangu mwanzo na ile sponji ndo iliimaliza kabisa. Alipomvika tena akamwambia avute pumzi ndefu, na mimi nikaona kwa macho yangu mbavu za kushoto zinatoka kwenye lile dirisha na za kulia zimetulia kwenye pedi. Kila pumzi inamsaidia kunyooka, ndivyo alivyosema, na ile ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kutabasamu ndani ya breisi ile.

Kwa ule mpindo mdogo wa kiunoni kushoto aliongeza pedi nyingine nyembamba, ile inakaa nyuma pembeni ya uti juu ya msuli. Alisisitiza sana pedi isikae juu ya vifundo vya uti wenyewe katikati, pale hamna nyama, ngozi inakatika upesi. Kama una breisi nyumbani ambayo pedi inagusa vile vifundo, mrudishe mtoto akaangaliwe.

Eksrei ya kuhakiki alitupa sharti, mtoto avae kwanza azoee, lile tabaka la pili la pedi liongezwe, halafu ndo apigwe akiwa ndani ya breisi imefungwa kama anavyoivaa siku zote. Kabla ya kupigwa akabandika vipande vya waya mwembamba kuzunguka pedi, ili kwenye picha pedi ionekane iko wapi manake EVA haionekani kwenye eksrei. Wazo hili nimelipenda kupita kiasi. Picha ilipotoka ukaona kabisa waya umezunguka ubavu unaotakiwa. Majibu: kabla, ndani ya breisi alikuwa digrii 27. Baada ya pedi, digrii 18. Daktari wetu alinitahadharisha kwamba vipimo hivi hata mtu yule yule akipima mara mbili vinaweza kupishana digrii kama 5, kwahivo mtu akikwambia mwanao ametoka 27 mpaka 24 usishangilie wala usilie. Lakini 27 kuja 18 ni mabadiliko ya kweli. Breisi haiufanyi mgongo unyooke daima, hilo pia alitueleza vizuri, kazi yake ni kuuzuia usizidi mpaka mtoto amalize kukua ili asifike kwenye upasuaji.

Na kwa wale wanaojiuliza kama mateso haya yana faida, upo utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, ulitoka 2013, walilinganisha watoto waliovaa breisi na wale walioangaliwa tu. Waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua mpindo ukiwa chini ya digrii 50, wasiovaa ilikuwa asilimia 48. Na walitia kifaa cha kupima joto ndani ya breisi kujua nani anavaa kweli na nani anasema tu, wakakuta waliovaa wastani wa saa 13 na zaidi kwa siku karibu 9 kati ya 10 walifaulu. Hio takwimu ya saa ndo nimeibandika kwenye friji. Sasa fikiria joto la Mombasa, saa 13! Ndo maana nasema pedi iliyowekwa vizuri ni jambo kubwa, mtoto hawezi kuvaa saa zote hizo kitu kinachomchoma, na haifai ateseke saa zote hizo kwa kitu kisichosukuma.

Kuhusu joto ntakwambia tunavyofanya sai. Vesti ya pamba tupu inayobana, ndefu ipite chini ya breisi, Kongowea kwenye mitumba unazipata nyingi na nzuri, chagua zisizo na mshono pembeni, na kama zina mshono geuza ndani iwe nje. Ukiifunga breisi ivute vesti kutoka chini isiwe na mkunjo hata mmoja chini ya pedi. Anabadilisha vesti akifika shule na tena mchana, mwalimu wake wa gredi ya 7 anamruhusu aende msalani bila maswali, Mungu ambariki. Mafuta na poda chini ya breisi hapana, yanalainisha ngozi na ngozi laini inachubuka. Hapa nilipata kazi na nyanyake, mama mkwe wangu, ambae kila jioni alitaka kumkanda na mafuta ya nazi halafu tumvike. Sikutaka kumvunja moyo, anampenda mjukuu wake. Nilimchukua tukaenda nae karakana, fundi akamkalisha akamuamkia akamueleza taratibu, sai anamkanda wakati wa zile saa breisi iko nje na anamuogesha mwenyewe kabla ya kuivaa tena.

Ngozi iangalie kila siku. Wekundu chini ya pedi ni lazima uwepo, kama haupo pedi haisukumi. Lakini ukivua, ndani ya nusu saa hivi uwe umefifia. Usipofifia, au pakitoka lengelenge, simama urudi kwa fundi, usikate pedi mwenyewe na kisu cha jikoni na usibandike sponji juu yake. Breisi yenyewe unaipangusa kwa kitambaa na sabuni ya kawaida, unaikausha kivulini. Juani au ndani ya gari lililofungwa usiiache, plastiki ile ilipewa umbo lake kwa moto na joto linaweza kuikunja.

Bei, pedi mbili na kukata dirisha na kurudi kuongeza unene nililipa 3,500 jumla na risiti nikapewa, eksrei mbali. Nililipa mfukoni, nawe waulize mapema kama bima yako au SHA, ile bima ya afya ya serikali, inaingia popote.

Watu wawili watatu mtaani wameniuliza kama fundi huyu anaongeza pedi kwenye ile mikanda ya kiuno ya duka la dawa, ya watu wazima wanaoumwa na mgongo. Anafanya, jirani yetu anaebeba mizigo bandarini ameenda. Yake hakuongezewa pedi nyingi, yale mabapa ya chuma ya nyuma ndo yalikuwa yamenyooka kama rula, fundi akayapinda yafuate ule mbonyeo wa kiuno na akaweka kipande kimoja cha EVA cha kujaza nafasi iliyobaki. Anasema ananyanyuka vizuri. Lakini ile ni kazi tofauti na ya mtoto mwenye skoliosisi, msichanganye, mkanda wa duka la dawa haunyooshi mgongo wa mtoto.

Ile nyota moja niliyoizuia, sababu yake ni chumba cha kupimia. Hakina mlango, kina pazia, na pazia halifiki mwisho, na watu wa foleni wamekaa kwenye benchi pale pale. Msichana wa miaka 13 anavuliwa mpaka kiuno na anasikia sauti za wanaume mita mbili kutoka alipo. Mimi na dada tulisimama tukaziba pengo kwa buibui langu wakati wote. Kwa karakana yenye ujuzi kama ule ni jambo la kusikitisha manake najua wasichana ambao wataacha kwenda kwa sababu hio tu, na wasichana ndo wengi wanaohitaji breisi hizi. Nimemwambia fundi, nimemwambia na mkubwa wa idara, wote walinisikiliza vizuri na wakasema wataomba mlango. Mpaka uwekwe, ukienda na binti beba leso mbili kubwa na pini, na uombe saa nane mchana siku za katikati ya wiki, saa hio foleni imepungua na yule dada yupo. Asubuhi ya Jumatatu usijaribu.